Tafsiri ikibadilishwa kwa hati ya dharura: jinsi ya kujua sheria ya mazingira inayotumika leo Washington, D.C.

Mwenye duka, jengo la kupangisha au kampuni ya ujenzi Washington, D.C., akigongana na sheria ya mazingira, mara nyingi chanzo ni kifungu ambacho hakukisoma: kifungu cha tafsiri. Kinakaa mwanzoni mwa sheria, kina orodha ndefu ya maneno na maana zake, na kwa kweli kinachosha. Lakini humo ndimo inamoamuliwa kama biashara yako ni "duka la rejareja" linalopaswa kutoza ada ya mfuko, kama maji yaliyotuama kiwanjani kwako ni "maji ya Wilaya" (Wilaya ndiyo D.C. yenyewe), na kama kazi yako ya kuchimba inahesabiwa kubwa au ndogo. Maneno hayo Baraza la D.C. linaweza kuyabadilisha Jumanne moja kwa hati ya dharura, bila kikao cha kusikiliza wananchi, na miezi mitatu baadaye mabadiliko hayo yakafa yenyewe.

Hatua zilizo hapa chini ni za mtu aliyesikia kwamba Baraza limepitisha sheria ya dharura "kufafanua" maneno yanayotumiwa na Idara ya Nishati na Mazingira ya D.C., inayojulikana kwa kifupi DOEE, na anataka kujua kama inamhusu, imeanza lini na itakoma lini.

Kwanza ujue kwa nini hati za dharura ni nyingi mjini humo. D.C. si jimbo. Sheria iliyoipa madaraka ya kujitawala, iliyotiwa saini tarehe 24 Desemba 1973, inataka muswada wa kawaida usomwe mara mbili, na kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili zipite siku zisizopungua 13. Baada ya hapo unakwenda kwa Meya, kisha unapelekwa Bunge la Marekani na kukaa huko siku 30. Ukigusa sheria za jinai, siku 60. Siku hizo hazifuati kalenda ya ukutani. Jumamosi, Jumapili, sikukuu, na siku ambazo Baraza la Wawakilishi na Seneti yote mawili yako kwenye mapumziko ya zaidi ya siku 3, hazihesabiwi. Siku 30 zinaweza kula miezi. Idara ikigundua kwamba neno moja limeandikwa vibaya na linawabana watu ambao hawakukusudiwa, kungoja muda wote huo ni shida, ndipo inapokimbilia dharura.

Hatua ya 1: Tambua umeshika hati ya aina gani

Jambo moja huzaa hati kadhaa zenye majina yanayokaribiana sana, na watu wengi huchanganyikiwa hapa kabla hata hawajafika kwenye maudhui.

Ya kwanza ni azimio la kutangaza dharura. Hili halibadilishi neno hata moja la sheria. Kazi yake ni kusema kwamba hali ni ya dharura, na linahitaji theluthi mbili ya wajumbe. Baraza likiwa limetimia wajumbe 13, hizo ni kura 9. Hata hivyo usilitupe. Ndani yake Baraza linaeleza kwa nini limeona haraka: nani alilalamika, sheria ya awali ilikosea wapi, kitatokea nini pasipochukuliwa hatua. Mimi hulisoma hilo kabla ya sheria yenyewe, kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya kueleza, wakati sheria yenyewe imeandikwa kwa lugha ya mkasi na gundi.

Ya pili ni sheria ya dharura yenyewe. Kichwa chake kina neno "Emergency". Inasomwa mara moja tu, inakwenda kwa Meya, na inaishi kwa muda usiozidi siku 90. Haipelekwi Bunge la Marekani.

Ya tatu ni sheria ya muda. Kichwa chake kina neno "Temporary", na maudhui yake kwa kawaida ni yale yale ya sheria ya dharura. Hii inasomwa mara mbili, inapita Bunge la Marekani, na inaishi siku 225 tangu ianze kutumika. Ya nne ni sheria ya kudumu, ambayo hupitia kamati na kikao cha wananchi kama kawaida, na kichwa chake hakina neno lolote kati ya hayo mawili.

Kuzipata, fungua lims.dccouncil.gov, mfumo wa Baraza wa kufuatilia miswada, uitwao LIMS. Tafuta kwa jina la idara au kwa neno lenyewe linalobishaniwa. Kila hati ina herufi na namba. B ni muswada, PR ni azimio lililopendekezwa, A ni sheria iliyopitishwa na Baraza na kushughulikiwa na Meya, L ni sheria iliyokwisha kuvuka Bunge la Marekani. Namba inayofuata herufi ni ya kipindi cha Baraza, ambacho ni miaka 2. Kipindi cha 25 kilikuwa 2023 na 2024, na cha 26 ni 2025 na 2026. Sheria ya dharura itaishia kwenye A. Haipati L maishani mwake. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba yenye A na kichwa chenye "Emergency", swali la kumuuliza ni moja tu: ilisainiwa lini?

Hatua ya 2: Hesabu siku mwenyewe

Siku 90 za sheria ya dharura huanza pale Meya anaposaini. Meya ana siku 10 za kazi tangu kupokea muswada. Anaweza kusaini, kuuacha upite bila saini, au kutumia kura ya turufu, ambayo Baraza linaweza kuipindua kwa theluthi mbili. Tarehe ya kura ya Baraza, ambayo ndiyo huandikwa magazetini, siyo ya kuanzia kuhesabu.

Chukua mfano unaojulikana. Sheria ya dharura ya kukabili COVID-19, yenye namba A23-247, Meya aliisaini tarehe 17 Machi 2020. Ilikoma tarehe 15 Juni 2020. Hesabu kwa kidole: 17 Machi hadi 16 Aprili ni siku 30, hadi 16 Mei ni 60, hadi 15 Juni ni 90. Ukurasa wa LIMS huonyesha tarehe ya mwisho, lakini hesabu hii inachukua nusu dakika, na ukiwa na mkataba au kibali kinachotegemea tarehe hiyo ni vyema uwe umeihakiki.

Sheria ya muda inahesabiwa tofauti kabisa. Siku zake 225 huanza baada ya Bunge la Marekani kumaliza muda wake, na si tangu saini ya Meya. Kwa hiyo sheria ya muda inaweza kuwa imesainiwa leo, ina namba yake ya A, na bado isiwe na nguvu yoyote kwa wiki nyingi.

Hatua ya 3: Tafuta pengo kati ya hati mbili

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuseme sheria ya dharura inakoma mwishoni mwa Mei, na ile ya muda bado inazihesabu siku zake Bunge la Marekani. Katikati hapo ni nini kinachotumika? Jibu ni sheria ya zamani, kwa maneno yake ya zamani, kana kwamba dharura haikuwahi kuwepo. Duka lililoondolewa kwenye tafsiri linarudi ndani usiku mmoja.

Zamani Baraza lilikuwa likipitisha dharura juu ya dharura kwa jambo lile lile. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ya D.C., katika kesi ya Washington Home Ownership Council, ilisema hapana: dharura moja haiwezi kurefushwa kwa mfululizo wa sheria za siku 90 zinazofanana. Ndiyo maana sheria ya muda ipo. Lakini mwaka 1990, katika kesi ya Alston, mahakama hiyo ilikubali dharura ya pili pale ambapo Baraza limekwisha kupitisha sheria ya muda au ya kudumu na kinachongojwa ni siku za Bunge la Marekani tu. Dharura ya aina hiyo utaiona na maneno "Congressional Review Emergency" kwenye kichwa chake.

Basi fanya hivi. Kwenye karatasi chora mstari wa miezi. Weka siku ya kuanza na ya kukoma ya dharura ya kwanza. Weka siku ambayo sheria ya muda inatarajiwa kupata namba ya L. Kama kuna nafasi wazi katikati, angalia LIMS kama dharura ya pili imepitishwa. Kama haijapitishwa na siku zimebaki chache, jiandae kufuata maneno ya zamani siku hizo. Usitegemee kwamba Bunge la Marekani halitaingilia kamwe. Limewahi kukataa sheria za D.C. mara chache tu, mojawapo ikiwa ile ya kuandika upya sheria za jinai, iliyokataliwa Machi 2023. Kwa marekebisho ya tafsiri ya mazingira hatari kubwa zaidi ni kalenda.

Hatua ya 4: Soma marekebisho yakiwa juu ya sheria mama

Sheria ya kurekebisha tafsiri haisomeki peke yake. Inasema tu kwamba kifungu fulani kinarekebishwa kwa kufuta maneno haya na badala yake kuweka maneno yale. Ukiisoma hivyo hivyo utadhani umeelewa.

Fungua code.dccouncil.gov, toleo la bure la sheria za D.C. Sheria za mazingira ziko Sehemu ya 8. Sheria iliyoanzisha idara hii ni ya mwaka 2005 na inaanzia kifungu cha 8-151.01, jina la sasa, lenye neno nishati, lilikuja mwaka 2015. Nakili tafsiri ya zamani nzima kwenye karatasi, kisha chukua kalamu: kata yaliyofutwa, andika yaliyoingizwa mahali pake hasa. Mahali pake hasa ni jambo la kuzingatia, kwa sababu maneno yakiingia kabla ya mkato yanaweza kuhusu kitu kimoja, na yakiingia baada yake yakahusu orodha nzima.

Tujaribu na sheria ya kweli. Sheria ya kusafisha Mto Anacostia ya mwaka 2009 ndiyo iliyoleta ada ya senti 5 kwa kila mfuko wa kutupwa, kuanzia 1 Januari 2010. Ada hiyo haimgusi kila mfanyabiashara. Tafsiri ya "duka la rejareja" imefungwa kwenye leseni: mwenye leseni ya kuuza chakula, au ya kuuza pombe ya kwenda nayo. Duka la nguo lisilouza hata pipi haliko ndani. Na tafsiri ya mfuko wa kutupwa nayo ina orodha ya vilivyoachwa nje: mifuko ya ndani ya duka ya kuwekea matunda, mboga au nyama, mifuko ya gazeti, mifuko ya dobi, mfuko wa dawa anaokupa mfamasia, mfuko wa karatasi wa mgahawa. Mfuko wa plastiki imara unaokusudiwa kutumika tena na tena hautozwi, lakini lazima unene wake usipungue mil 2.25, yaani sehemu 2.25 kati ya 1,000 za inchi.

Sasa tubuni marekebisho. Tuseme Baraza linaingiza, mwishoni mwa tafsiri ya duka la rejareja, maneno "isipokuwa kibanda kilicho ndani ya soko la wakulima". Kwa macho ya haraka hilo ni jambo dogo. Lakini anayeuza mikate kwenye kibanda hicho ana maswali matatu papo hapo. Soko la wakulima limetafsiriwa wapi? Kama halijatafsiriwa, ataamua ofisa. Kibanda kile kile kikihamia kwenye maegesho ya gari siku ya Ijumaa bado kimo? Na siku ya 91, aanze kutoza senti 5 tena asubuhi ile ile? Jibu la swali la tatu ni ndiyo, kama hakuna hati nyingine iliyokwisha kuanza.

Unaposoma, tazama kama tafsiri inasema neno "maana yake ni" au "ni pamoja na". Ya kwanza inafunga mlango: kisichotajwa hakimo. Ya pili inauacha wazi, na idara inaweza kuingiza vingine vinavyofanana na vilivyotajwa. Marekebisho yanayobadili moja kuwa nyingine ni makubwa kuliko yanavyoonekana.

Tazama pia sehemu ya vilivyoondolewa. Sheria ya kuzuia uchafuzi wa maji ya mwaka 1984 inatafsiri "maji ya Wilaya" kwa upana wa kutisha: yanayotiririka na yaliyotulia, ya asili na ya kutengenezwa, ya juu ya ardhi na ya chini. Kinachomwokoa mwenye kiwanja ni maneno machache yanayoondoa maji yaliyo kwenye mali binafsi ambayo yamezuiwa kufikia mikondo mingine, pamoja na maji yaliyo ndani ya mabomba na mifumo iliyofungwa. Tafsiri hii ni ya D.C. yenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani ilipopunguza upana wa sheria ya shirikisho kuhusu maji katika kesi ya Sackett, Mei 2023, haikugusa maneno ya sheria ya Wilaya. Wapo wajenzi waliodhani vinginevyo.

Na neno "kufafanua" kwenye kichwa cha sheria lisikulegeze. Linganisha ya zamani na mpya: kama mtu aliyekuwa nje sasa yumo, au aliyekuwamo sasa yuko nje, hayo ni mabadiliko, kichwa kiseme kitakavyo.

Hatua ya 5: Shuka mpaka chini ya ukurasa

Hili ni fupi lakini ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kwenye code.dccouncil.gov, maneno ya dharura na ya muda hayaingizwi ndani ya kifungu. Kifungu kinabaki na maneno yake ya kudumu, na mabadiliko ya muda yanatajwa kwenye maelezo yaliyo chini, penye vichwa vya "Emergency Legislation" na "Temporary Legislation". Ukinakili kifungu bila kushuka, unaweza kuwa umenakili sheria ambayo leo haitumiki. Maelezo hayo nayo hutaja hati za miaka ya nyuma zilizokwisha kukoma, kwa hiyo rudi kwenye hesabu yako ya hatua ya 2.

Hatua ya 6: Angalia kama kuanza kuwa na nguvu ni sawa na kuanza kutumika

Sheria ya D.C. inaweza kuwa na nguvu na bado isitumike. Mwishoni mwake tafuta kifungu kinachosema itatumika baada ya gharama zake kuingizwa kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Ukikikuta, sheria ile imelala mpaka fedha ipatikane na taarifa itolewe kwenye gazeti la serikali la Wilaya, D.C. Register, linalotoka kila Ijumaa. Kinyume chake pia hutokea: kifungu kinachosema marekebisho yatatumika kuanzia tarehe iliyokwisha kupita. Kama ulilipa ada au ulinyimwa kibali ndani ya kipindi hicho, tarehe hiyo inaweza kukurudishia haki yako.

Hatua ya 7: Linganisha na kanuni za idara

Chini ya sheria kuna kanuni, na kanuni zina tafsiri zake. Za mazingira ziko Juzuu ya 20 ya kanuni za D.C., na za maji Juzuu ya 21. Zote zinapatikana dcregs.dc.gov. Ukitafuta tafsiri, nenda mwisho wa sura, kwenye kifungu kinachoishia na 99. Ndivyo zilivyopangwa. Kwa mfano tafsiri za sura ya 5 ya Juzuu ya 21, inayohusu maji ya mvua na mmomonyoko, ziko kifungu cha 599. Humo utakuta kwamba kuvuruga ardhi ya futi za mraba 5,000 au zaidi ni kazi kubwa, na kazi kubwa inakutaka uhifadhi maji ya mvua ya inchi 1.2.

Sheria ikibadilika na kanuni ikabaki na maneno ya zamani, sheria ndiyo inayoshinda. Lakini ofisa wa dirishani mara nyingi anatumia fomu iliyotengenezwa kwa kanuni ya zamani, kwa hiyo nenda na nakala. Tena idara nayo ina dharura yake: kanuni ya dharura, ambayo haizidi siku 120 tangu ipitishwe. Usichanganye 120 hizo na 90 za Baraza.

Hatua ya 8: Uliza kwa maandishi, na uweke tarehe

Ukiwa na shaka, waandikie DOEE. Taja namba ya hati, nukuu tafsiri kama ulivyoiunganisha, eleza hali yako kwa sentensi mbili au tatu, na uliza swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana. Simu haitoshi. Jibu la mdomo halina tarehe, na kwenye jambo la siku 90 tarehe ndiyo kila kitu. Kama Kiingereza kinakupa taabu, sheria ya mwaka 2004 ya D.C. kuhusu lugha inazitaka idara za serikali zikupatie mkalimani bila malipo. Omba wa Kiswahili mwanzoni mwa mazungumzo, usingoje mpaka mambo yaharibike.

Kwa kuwa dharura haina kikao cha wananchi, nafasi ya kusema neno ni kabla ya kura, kwa barua pepe kwa mjumbe wa kata yako na kwa wajumbe wanaochaguliwa na mji mzima. Ikikupita hiyo, sheria ya kudumu ikija kwenye kamati kutakuwa na kikao, na hapo unaweza kuomba kutoa ushahidi. Wenye hoja nzuri huja na mfano wa kilichotokea dukani au kiwanjani kwao wakati dharura ikitumika.

Ukipewa ilani ya kosa, angalia tarehe ya kosa lenyewe kabla ya tarehe ya ilani. Kinachotakiwa kujulikana ni maneno gani yalikuwa na nguvu siku ile. Kesi hizi husikilizwa na Ofisi ya Usikilizaji wa Mashauri ya Kiutawala ya D.C., isiyo chini ya idara iliyokutoza. Siku za kujibu zimeandikwa kwenye ilani. Zisikupite, kwa sababu kukaa kimya kunaongeza adhabu hata kama tafsiri ilikuwa upande wako. Peleka azimio, sheria ya dharura yenye tarehe ya saini, nakala ya kifungu pamoja na maelezo yake ya chini, na ule mstari wa miezi uliouchora.